Jinsi ya kuandika komedi ya mapenzi ya chizi wa muvi na dada asiyeeleweka, bila watu kudhani dada ni jini

Naanza na kosa langu. Nilirekodi kamuvi kwa simu, dakika kama kumi na mbili hivi, jamaa mpenda muvi anakutana na dada ambaye hajulikani katokea wapi, anatokea tu usiku, anatabasamu, anapotea, mi nikaona hapa nimetisha kweli kweli. Nikawawekea watu uani. Ilipoisha mama mwenye nyumba akaniuliza, "Sasa yule jini alikuwa anataka nini?" Nikamwambia mama yule sio jini. Akasema kavaa nyeupe, jina hana, kwao hakujulikani, anatembea saa sita usiku peke yake, wewe unataka tumwite nani?

Na alikuwa sahihi. Sisi tumekua na hizo stori, mwanamke mzuri barabarani, ukimwangalia miguuni kwato. Kwaiyo ukiweka dada wa ajabu halafu usimpe sababu, watazamaji watajijazia wenyewe na watajaza jini.

Dawa yake ni kuanza kumwandika dada kabla hujamgusa jamaa. Chukua karatasi andika analala wapi, anakula kwa nani, anadaiwa shilingi ngapi, na anaficha nini. Hapo kwenye kuficha ndo wengi wanaharibu, wanaweka siri kubwa, mara jasusi, mara mke wa tajiri, mara anaumwa anakufa kesho. Komedi inataka siri ndogo yenye aibu, kitu ambacho ukikijua unasema aaah kumbe. Hizo siri kubwa mwachie jamaa, ziwe zinapita kichwani mwake yeye, maana kaangalia muvi mpaka zimemharibu.

Ngoja nitumie ninayoandika sasa hivi. Tuko Manzese, kibanda umiza cha kuonyeshea muvi, mabenchi, feni moja inayopiga kelele, mkanda wa Kichina uliotafsiriwa, zile ambazo DJ anaongea juu ya sauti ya muvi na anaongeza chumvi anavyotaka, staili iliyompa jina Lufufu hapa Dar na DJ Afro kule Kenya. Jamaa yetu hakosi. Kila siku anamwona dada mmoja kakaa karibu kabisa na spika, kichwa kakiinamisha, na anafanya mambo mawili ya ajabu: anacheka sehemu ambayo watu wote wanalia, na ngumi zikianza tu, ananyanyuka anaondoka. Yani pale ambapo kibanda kizima ndo wamelipia!

Kwanini? Kwasababu kapata kazi kwenye duka la Wachina Kariakoo baada ya kudanganya kwamba Kichina anakijua, na hakijui, anajua kidogo tu. Anakuja kujifunza. Anakaa kwenye spika ili amsikie mwigizaji chini ya kelele za DJ, anacheka kwasababu amegundua DJ katafsiri uongo mtupu, na anaondoka kwenye ngumi kwasababu kwenye ngumi hakuna maongezi. Siri moja, inajibu maswali yote. Ukiona siri yako inahitaji maelezo ya dakika tatu, bado hujaipata, rudi kwenye karatasi.

Usione kama natia maneno mengi, hata Charlie Chaplin aliteseka hapa hapa. Kwenye muvi yake City Lights ya 1931 kuna dada kipofu anauza maua anamdhania yule maskini kuwa ni tajiri, na Chaplin alihangaika sana kutafuta kipofu atadhania vipi, akarudia rudia kile kipande mpaka watu wakachoka. Jibu lilikuja kuwa mlango wa gari. Dada anasikia mlango unafungwa, anajua mwenye gari ndo anapita. Sauti ya mlango tu, muvi nzima imesimama juu yake.

Sasa jamaa. Usimfanye mtu anayetaja majina ya muvi kila sentensi, hiyo inachosha na nusu ya watazamaji hawazijui. Mfanye aishi kwa sheria za muvi. Anaamini steringi hafi, anaamini mvua ikinyesha lazima mtu aseme nakupenda, kwaiyo masika yameanza anaenda kusimama nje ya geti la dada bila mwavuli, dada siku hiyo kalala kwa shangazi yake Temeke, jamaa anaambulia mafua na mlinzi anayemwonea huruma. Halafu mpe rafiki. Rafiki ndo abebe ule wasiwasi wa jini, usiukimbie, utumie. Rafiki anadondosha sarafu chini ya benchi makusudi ili aangalie miguu ya dada, anatoka huko chini na vumbi kichwani anasema, "Ndala za kawaida, namba thelathini na nane." Baada ya hapo hakuna mtu uani atakayeuliza tena.

Vichekesho vya dada vitoke kwenye siri yake. Kichina chake chote ni cha kwenye mikanda ya mapanga, kwaiyo anataka kuomba ruhusa ya kwenda msibani anamwambia bosi kitu kama "Mwalimu wangu, nimevuka milima saba, niruhusu nikalipe kisasi." Bosi anamtazama. Anamruhusu siku mbili.

Kurekodi, haraka haraka. Ukurasa mmoja wa skripti kwa kawaida unakuja kama dakika moja, ukiwa na kurasa ishirini usijidanganye kwamba ni kamuvi kafupi. Ongea na mwenye kibanda akupe asubuhi kabla hajafungua. Kioo cha TV usikionyeshe kabisa, muvi za watu zina wenyewe, na wala hukihitaji: rekodi sura za watu, washa tochi mbele yao mtu apitishe pitishe nailoni ya bluu na nyekundu, itaonekana kama mwanga wa muvi. Sauti za ngumi tengeneza mwenyewe, kanga iliyolowa maji ipigwe ukutani, nimejaribu, inatoa PAH safi kuliko ya kwenye muvi yenyewe. DJ mtafute kijana yeyote wa mtaa mwenye mdomo. Simu ya pili iwekwe mfukoni kwa mwigizaji irekodi sauti, ile ya kwenye kamera itakuletea feni tu. Na kama unataka kuionyesha kwa watu kwa malipo, pita Bodi ya Filamu mapema ujue kibali chako, sio siku posta imeshabandikwa.

Mwisho ndo ulinisumbua mimi. Nilitaka wakimbiliane ufukweni Coco, nikajisikia vibaya mwenyewe. Maana jamaa ameshajua siri, bosi ameshajua, na dada kazi kabaki nayo kwasababu wateja wanapenda anavyoongea kama panga kali. Kwaiyo nimewarudisha kibandani. Wamekaa karibu na spika wote wawili, rafiki yuko nyuma anakula karanga. Ngumi zinaanza. Jamaa anajikaza asigeuke, anamsubiri anyanyuke kama kawaida yake. Hanyanyuki. Kwenye muvi adui anapigwa teke anapiga ukelele mrefu, jamaa anainama taratibu anamnong'oneza, "Amesemaje?"

Dada anafikiria kidogo. "Amesema aaaah."

Kata hapo hapo, muziki usiweke.