Somo: Kuandaa motokari kwa kontrole tekiniki kabla karatasi za mwaka hazijaisha (Lubumbashi)

Hapa mjini watu wengi wanaanzia kwa karatasi. Wanakimbilia vinyeti (kodi ya mwaka), asiransi (bima) na cheti cha kontrole (ukaguzi wa motokari), motokari yenyewe wanaikumbuka mwishoni. Somo hili linageuza mpangilio huo: tunaanza na motokari ikiwa imesimama kwenye uwanja wako, karatasi tunazimaliza kwa aya moja. Sababu ni ya mfuko tu. Kasoro utakayoiona nyumbani utaitengeneza kwa bei ya fundi unayemjua. Itakayoonekana kituoni itakulipisha fundi, itakupotezea siku, na hapo ndipo anapojitokeza yule bwana wa "kupanga mambo" anayeuza cheti bila hata kuinamia gurudumu moja. Ukinunua kwake, umelipa na freni zako ziko vilevile.

Basi, karatasi kwa haraka. Sheria ya barabara tunayoifuata ni ya tarehe 30 Agosti 1978, namba 78/022. Karti roze (karatasi ya usajili wa motokari) haibadilishwi kila mwaka. Kinachokwisha ni vinyeti, asiransi na cheti cha kontrole. Vinyeti ni kodi ya jimbo. Kwetu Haut-Katanga inakusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya jimbo, kwa hiyo hailipwi mkononi mwa askari wa rulaji (trafiki) barabarani hata akikuambia nini. Asiransi si SONAS, kampuni ya serikali, peke yake tena tangu sheria ya 2015 ilipofungua soko; zunguka ulinganishe bei. Kisha soma namba ya shasi kwenye chuma chenyewe uilinganishe na karti roze, herufi kwa herufi. Motokari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina zile herufi 17 za kimataifa. Zina namba fupi yenye kistari, kwa mfano Toyota IST za kwanza zinaanza na NCP60 au NCP61. Kama karti roze imekosea tarakimu moja, irekebishe sasa. Usingoje siku ya kuuza.

HATUA YA KWANZA: FARI (TAA ZA MBELE)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kosa la motokari nyingi za mji huu na wachache tu wanalijua.

Motokari nyingi zinatufikia kutoka Japani, kwa Dar es Salaam, Zambia, hadi mpaka wa Kasumbalesa. Japani, Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto. Ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia. Wengi wanapeleka motokari kwa fundi ahamishe volani (usukani), wanamaliza hapo. Fari zinabaki za kushoto.

Tatizo ni hili. Taa ya chini haimwagi mwanga sawasawa. Ina mstari wa juu uliolala, halafu upande mmoja mstari huo unapanda ili kumulika pembeni mwa barabara, wanakotembea watu na baiskeli. Kwa fari ya Japani unapanda kushoto. Sisi tukiendesha kulia, kushoto kwetu ndiko anakotokea mwenzetu. Kwa hiyo hata ukiwasha taa ya chini kwa heshima zote, unamchoma macho, naye anakujibu kwa fari kubwa, mnapishana wote vipofu kwenye barabara ya Likasi, mbele ya lori la shaba.

Pima hivi. Jioni, simamisha motokari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, pine (matairi) zikiwa na upepo sahihi na mtu mmoja ameketi kwenye volani. Weka alama ya chaki ukutani kwa urefu uleule wa katikati ya fari. Washa taa ya chini. Mstari uliolala unapaswa kuwa kama sentimita 5 chini ya chaki (ni kanuni ya sentimita 10 kwa kila mita 10). Sasa funika fari moja kwa kitambaa, tazama nyingine: mstari unapanda upande gani? Ukipanda kulia kwako, uko salama. Ukipanda kushoto, kukaza zile skrubu za nyuma ya fari hakutakusaidia, maana skrubu zinashusha mwanga wote na kukuacha gizani. Dawa ni kutafuta fari za motokari iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Baadhi ya fari zenye lenzi ya duara zina kijiti kidogo ndani cha kugeuza upande. Fungua uangalie kabla ya kununua. Kwa muda unaweza kubandika utepe mweusi kwenye kipande cha kioo kinachotoa ule mwanga unaopanda, lakini hiyo ni ya wiki chache tu.

Taa zingine ni dakika tano: klinyota (taa za kuonyesha kona) zote nne, taa za stop (rudi kinyumenyume hadi ukutani ukanyage freni, utaona wekundu wake), taa ya namba, klaksoni.

HATUA YA PILI: FRENI

Mota ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Acha mguu hapo, washa mota. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, ile ngoma ya kusaidia nguvu ya freni haivuti. Halafu endelea kukandamiza kwa nguvu ileile. Ikiwa inaendelea kushuka polepole kuelekea sakafuni, mafuta ya freni yanapita mahali, mara nyingi ndani ya pompi kuu. Motokari hiyo haiendi kituoni wala sokoni. Inamngoja fundi pale pale ilipo.

Toa gurudumu uone plaketi (vile vipande vinavyobana diski ya freni). Kitambaa chake kikiwa chini ya milimita 3, badilisha, na badilisha pande zote mbili za ekseli moja. Kituo chenye mashine ya magurudumu ya kuzunguka hupima nguvu ya kila gurudumu peke yake. Kanuni za Ulaya zinakataa tofauti inayozidi asilimia 30 kati ya kushoto na kulia. Mtu anayebadilisha upande mmoja "kwa sababu ule mwingine bado" ndiye anayeshindwa hapo. Mafuta ya freni yenyewe yananyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 230, ikinywa maji inaweza kushuka hadi 155. Yamwage uweke mapya kila miaka miwili.

HATUA YA TATU: CHINI

Kwa mashimo yetu, rotili (viungo vya mpira wa chuma kwenye gurudumu) na silamboki (mipira ya viungo vya chini) zinakufa kabla ya kitu kingine chochote. Inua gurudumu kwa krike (jeki), lishike juu na chini, litikise: likicheza, ni beringi au rotili. Lishike kushoto na kulia, litikise: likicheza, ni fimbo za volani. Kwa motokari iliyohamishwa volani mwambie fundi aangalie kwanza zile sehemu zilizochomelewa na boliti za kishikio cha volani. Kazi nzuri ya kuhamisha volani ipo hapa mjini. Nyingine ni hatari tupu.

Pine: tafuta vile vinundu vidogo vilivyoko ndani ya mifereji. Mpira ukifika usawa wa vinundu, zimebaki milimita 1.6 na pine imekwisha. Pine yenye uvimbe ubavuni inatolewa siku hiyohiyo, hata kama meno bado marefu.

HATUA YA NNE: MOSHI

Moshi unakuambia ugonjwa kwa rangi. Mweusi: mafuta mengi au hewa kidogo. Wa bluu: mota inakula oili, kwa pete zilizochoka, mihuri ya valvu au turbo. Mweupe mzito usiokwisha mota ikishapata moto: maji yanaingia, angalia jointi ya kulasi (gasketi ya kichwa cha mota). Ule mvuke mweupe wa asubuhi za mwezi wa sita, baridi ikituuma, si ugonjwa.

Kwa Lubumbashi anza na filtri ya hewa. Kuanzia Mei hadi mvua zirudi, vumbi jekundu linaijaza mpaka inakuwa kama tofali, na ukikaa njia zisizo na lami, Ruashi au Annexe, usifuate kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha Wajapani. Itoe, igonge, ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Ukiweka nyuma yake taa ya simu usione mwanga, nunua mpya. Baada ya hapo ndipo uguse injekta (dizeli) au buji, yaani plagi (esansi, yaani petroli). Mafundi wengi wanaanzia kwa injekta kwa sababu ndiko kwenye pesa.

Mashine ya kituo inapima vitu viwili tofauti. Kwa esansi inatafuta kaboni monoksidi, ile hewa isiyo na harufu inayoua watu waliolala na mota inawaka. Kwa dizeli inapima giza la moshi: unakanyaga hadi mwisho motokari ikiwa bila gia, nayo inasoma ni mwanga kiasi gani unazuiwa. Vyote viwili hupimwa mota ikiwa na moto kabisa. Endesha kama dakika ishirini kabla ya kufika na usizime kwenye foleni. Katalizeri (kisafisha moshi kwenye bomba la moshi) haifanyi kazi ikiwa baridi. Inaanza kusafisha ikishapita nyuzi 250 hivi. Kama fundi aliitoboa na kuuza kilichokuwa ndani (mna madini ya platini, paladi na rodi, ndiyo maana wanaipenda), hakuna buji itakayokuokoa.

Siku ya kwenda: kizima moto, pembetatu, sanduku la dawa, krike na pine ya akiba. Safisha shasi kwa maji ili mkaguzi aone chuma badala ya udongo.

MASWALI YA WANAMEMBA

Mama mwenye taksi, Katuba: Yaya, miye niko na IST, taa ya mota inawaka kila siku. Fundi ameshatoa ile ampulu (balbu), anasema njo kwisha. Ni mbaya?

Mama, mbaya mara mbili. Mkaguzi anayejua kazi anageuza ufunguo kwanza: taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika mota ikishika. Taa isiyowaka kabisa inamwambia kwamba kuna mtu aliyeitoa. Pili, utaendesha bila kujua tatizo limekua. Mtafute fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya mota, akuandikie namba ya kosa kwenye karatasi, kisha mlinganishe bei ya kipande. Mara nyingi ni sonda ya hewa ya moshi au buji tu.

Dereva wa Hiace, njia ya Kipushi: Dizeli. Tupu haitoi moshi, nikijaza watu kwenye mlima inatoa mweusi kama kiwanda. Nitapita kontrole kwa sababu watanipima tupu?

Usijidanganye. Kile kipimo cha kukanyaga hadi mwisho kinaifanya pompi itoe mafuta yote, hata bila abiria. Kwako ningefuata mpangilio huu: filtri ya hewa, mabomba ya turbo (paka maji ya sabuni kwenye viungo, mwingine akanyage, tafuta mapovu), ile valvu inayorudisha moshi ndani ya mota, mwisho injekta. Na kama kuna mtu aliyefungua skrubu ya pompi ili "ivute zaidi", irudishe ilipokuwa.

Kijana wa Kampemba: Nimenunua pine za okasio (zilizotumika), zina meno mazuri sana. Zinatosha, siyo?

Tafuta ubavuni neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno mazuri kwenye pine ya zamani mara nyingi yanamaanisha ilikaa juani miaka mingi. Ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa nyembamba, mrudishie muuzaji.

Papa wa Bel-Air: Motokari yangu imetoka Japani miezi miwili tu iliyopita. Wenyewe wana kontrole kali. Kwa nini nirudie?

Papa, ni kweli kwao ni kali: motokari mpya ya abiria inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama hiyo ni moja ya sababu Wajapani wanaziuza zikiwa bado nzuri. Lakini ilikaguliwa kwa barabara zao na kwa upande wao wa kushoto. Baada ya hapo ikapanda meli, ikashuka Dar, ikaja kwa njia ndefu mpaka kwetu. Anza na fari, hatua ya kwanza hapo juu.

Mwanamemba aliyeko Fort Worth, Texas: Huku tumeambiwa kontrole imeondolewa tangu 2025. Mbona wamenikatalia kufanya upya usajili?

Kilichoondolewa tarehe 1 Januari 2025 ni ukaguzi wa usalama kwa motokari zisizo za biashara. Malipo hayakwenda nao: dola 7.50 zinaingizwa kwenye ada ya usajili. Ukaguzi wa moshi umebaki katika kaunti 17, na Tarrant, uliko wewe, ni mojawapo, pamoja na Dallas, Harris, Travis na El Paso. Unahusu motokari za esansi zenye umri wa miaka 2 hadi 24. Dizeli na za umeme hazimo. Unaweza kuufanya ndani ya siku 90 kabla usajili haujaisha. Na motokari za biashara bado zinakaguliwa usalama, kwa hiyo kama uko na lori la kazi, usijihesabu kwenye msamaha huo.

Huyohuyo: Asante yaya. Nilichomoa batri usiku ili taa ya mota izimike, asubuhi mashine ikasema haiko tayari.

Ndivyo inavyokuwa. Ukichomoa batri kompyuta inasahau vipimo vyake vyote, na mashine inaona kwamba bado haijajipima. Kwa motokari za 2001 na kuendelea wanaruhusu kipimo kimoja tu kisichokamilika. Tengeneza kosa lenyewe, kisha endesha siku kadhaa, mjini na barabara kuu, ukiiacha ilale usiku mpaka mota ipoe kabisa. Rudi baada ya hapo.

Mama mwenye taksi, Katuba: Na ile ampulu, niirudishe?

Ndiyo Mama, leo. Na mwambie fundi akurudishie pesa yako.