Jinsi ya kudizaini ganda la kifaa cha kupimia visima vya mvuke

Ukiajiriwa kama injinia wa mitambo kwenye vifaa vya kupimia chini ya ardhi, sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa ganda, yaani lile bomba la chuma linalobeba sensa na kuilinda. Nachukua mfano wa kifaa cha kupima joto na presha kwenye visima kama vya Olkaria, Naivasha, kwa sababu kule shida zote zinakuja pamoja, visima vinafika mpaka mita 3000 hivi na joto linapita nyuzi 300.

Kabla hujagusa kompyuta nenda ukaongee na wanaoshusha kifaa kwa waya. Waulize bomba la chini lina upana gani, lina madini yaliyoganda ukutani mahali gani, na lile bomba la juu ya valvu kuu, ambamo kifaa kinakaa kwanza ndo valvu ifunguliwe, lina urefu gani, manake kifaa kikizidi hapo hakiingii hata kiwe kizuri namna gani. Halafu waulize waya ukikatika wanakivuaje. Kichwani lazima uache shingo ya kukamatia inayolingana na vyombo vyao vya kuvulia, mimi huwa naichora hiyo kwanza kabisa.

Sasa presha. Kila mita 10 za maji ni kama baa 1, kwa hiyo mita 3000 ni baa 300. Utaambiwa maji ya moto ni mepesi so itapungua, ni kweli, ila kuna siku wanapima huku wanamwaga maji baridi kisimani, we piga hesabu ya baridi. Bomba la milimita 45 kwa nje lenye ukuta wa milimita 5 linapata mkandamizo wa wastani wa megapaskali 135 hivi (megapaskali 1 ni baa 10). Inaonekana kidogo, lakini chuma cha pua cha daraja la 316 kikipata moto wa 300 nguvu zake zinashuka mpaka karibu na hapo hapo, hujabakiza kitu, na tena chumvi kwenye maji moto inakipasua. Ndo maana watu wanalipia Inconel 718, aloi ya nikeli, japo ni bei na inamaliza visu vya mkereza. Na ukisikia harufu ya mayai viza pale kisimani ujue kuna gesi inayopasua vyuma vigumu, usiweke boliti ngumu ya kawaida popote.

Joto ndo adui mkubwa zaidi. Elektroniki za kawaida zinachoka kwenye 125 mpaka 150, kwa hiyo zinawekwa ndani ya chupa ya ombwe, kama themosi ya chai, pamoja na kipande kizito cha shaba cha kunyonya joto. Haizuii joto milele, inakununulia masaa tu. Joto linapenya kwenye mdomo wa chupa na kupitia nyaya, na elektroniki zenyewe zinatoa joto ambalo halina pa kwenda, so nyaya ziwe nyembamba na mdomo uwe mrefu. Batri usifanyie mchezo hata kidogo, madini ya lithiamu yanayeyuka kwenye 180 na batri inaweza kulipuka mikononi mwa mtu.

Kumbuka pia chuma kinarefuka. Ganda la Inconel la mita 2 likipanda nyuzi 280 linaongezeka kama milimita 7 mpaka 8 wakati chupa ya ndani bado imepoa, kwa hiyo weka springi upande mmoja, usibane pande zote mbili.

Oringi, yaani pete ya mpira inayoziba kifuniko: mpira wa nitrili haufiki, wa Viton unaishia kama 200, juu ya hapo tafuta mpira wa perfluoro au sili ya chuma. Andika kwenye mchoro ulaini wa mfereji inamokaa oringi, fundi asikisie.

Testi ya presha fanya kwa maji, usitumie hewa, manake hewa iliyobanwa ikipasua kitu inaua. Na toboa njia ndogo ya kutolea presha, ikae mahali ambapo oringi inaachia kabla meno ya skrubu ya kifuniko hayajaisha. Kifaa kikivuja kule chini kinarudi juu kikiwa na presha ndani, na anayekifungua anakuwa ameinamia kifuniko.