Namna ya kupanga mwisho wa juma Lubumbashi kwa anayependa kula vizuri

Mgeni anayefika Lubumbashi Ijumaa jioni, awe ametoka Kolwezi, Ndola au Dar es Salaam, kwa kawaida hupelekwa kwenye hoteli ya katikati ya mji, akala kuku na chipsi siku mbili mfululizo, na Jumatatu akaondoka akiamini ameuona mji. Katikati ya mji ni mahali pa benki, ofisi na maduka. Chakula ambacho wenyeji wanakitamani wakiwa ugenini hupatikana zaidi katika komini, yaani sehemu za mji, ziitwazo Kenya, Kamalondo, Katuba na Kampemba, na kile utakachokikuta huko hutegemea mwezi uliofika kuliko fedha ulizonazo. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chumba, tazama kalenda.

Lubumbashi iko kusini-mashariki mwa Kongo, juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo, na mengi ya yale yanayoufanya mlo wake uwe wa pekee hutoka katika misitu hiyo. Mvua huanza kushika Novemba na huendelea hadi Machi au Aprili. Za kwanza huwatoa kumbikumbi, ambao hukaangwa kwa chumvi na kuliwa kwa kiganja. Baadaye huja viwavi, ambao hapa wengi huwaita vinkubala. Na kuanzia Desemba uyoga hupangwa kando ya barabara zinazoingia mjini, kuanzia ule mdogo wa manjano hadi ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces titanicus na ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Anayekuja wakati huo na akaondoka bila kula uyoga uliopikwa kwa karanga amepoteza nauli. Anayekuja Juni au Julai, kwa upande wake, asiwasumbue wauzaji kwa kuulizia uyoga mbichi, kwani huo ni wakati wa baridi kavu, usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kinachomfaa ni koti na nyama ya kuchoma. Oktoba ni joto na vumbi, na simshauri mtu aje kwa matembezi mwezi huo akiwa na hiari. Nikiulizwa, nitasema Januari, pamoja na matope yake.

Fedha ziandae mapema. Dola za Marekani hupokewa karibu kila mahali sambamba na faranga za Kongo, lakini muuzaji ataikunjua noti yako, ataiinua kwenye mwanga na kupitisha kidole kwenye kingo zake zote nne. Akikuta imechanika hata kwa upana wa ukucha, atairudisha bila maelezo, na noti za zamani nazo hukataliwa vivyo hivyo. Badilisha kiasi kidogo uwe na faranga za noti ndogondogo, kwa sababu sokoni hakuna atakayekutafutia chenji ya dola 50 kwa fungu la mboga. Ukumbuke pia kwamba saa ya Lubumbashi iko mbele ya ile ya Kinshasa kwa saa moja, jambo ambalo huwachanganya wanaopanga safari kwa simu na jamaa wa huko. Kamera usiielekeze kwenye majengo ya serikali, askari, madaraja wala uwanja wa ndege wa Luano.

Asubuhi ya Jumamosi itumie katikati ya mji, kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Mji ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville na ukapewa jina la sasa mwaka 1966, na mitaa yake mipana iliyonyooka bado inaonyesha mpango wa wakati ule. Pita kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kisha uende Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Humo usikimbie kuona kila kitu. Simama mbele ya misalaba ya shaba. Misalaba hiyo ilimiminwa na wafuaji wa eneo hili na ikatumika kama fedha karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya kigeni kufika, na mitatu kati yake ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya jimbo la Katanga lilipojitangazia uhuru wake Julai 1960. Ukishaiona, bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi wa takataka za shaba ulio kando yake havitakuwa tena vitu vya kupigia picha tu: tanuru la pale lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na mlima huo ulikuwa na kobalti ya kutosha kiasi kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukichimbwa upya. Hauruhusiwi kuupanda, utazame kutoka barabarani. Anayependa sanaa aulize kuna nini Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Kifaransa, na kama mwaka wenyewe ni wa maonyesho ya Biennale ya Lubumbashi, yaliyoanza mwaka 2008.

Chakula cha mchana kitafute kabla ya saa saba, wakati vyungu havijaanza kukwaruzwa. Chagua mahali ambapo mwenye kupika mwenyewe ndiye anayepakua, umsalimie kwanza, umwite Mama hata kama ni mdogo kwako kwa umri, kisha umwombe akufunulie vyungu. Haoni vibaya, wenyeji hufanya hivyo kila siku. Msingi wa sahani ni bukari, yaani ugali, wa unga mweupe wa mahindi au uliochanganywa na wa muhogo. Mapenzi ya mji huu kwa mahindi yana historia yake, kwani Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa posho ya unga huo, na watoto wao wakakua wakijua kwamba kushiba maana yake ni bukari. Sehemu kubwa ya mahindi hayo sasa huvuka mpaka kwa malori kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, ndiyo maana Zambia inapozuia kuuza mahindi nje, bei ya mfuko hupanda mjini na donge kwenye sahani huwa dogo bila mtu kutangaza.

Kwa mboga, sombe ndiyo ya kuanzia, hasa ikiwa imepikwa kwa mawese na ikakaa motoni muda mrefu hadi majani ya muhogo yakalainika kabisa. Lengalenga, yaani mchicha, na kalembula, ambayo ni majani ya viazi vitamu, huiva haraka na hazisubiri, kwa hiyo zikiwa zimekaa chunguni tangu asubuhi ziache. Samaki atakayetajwa kwanza huenda akawa Thomson, samaki wa baharini anayeletwa akiwa amegandishwa. Si mbaya, na ndiye anayeokoa familia nyingi katikati ya mwezi, lakini hukuja huku kula samaki aliyesafiri mbali kuliko wewe. Uliza kama kuna samaki wa ziwa Mweru, wanaopitia Kasenga kwenye mto Luapula. Wakati wa vinkubala, omba sahani ndogo ya kuonja kabla ya kuagiza kubwa: waliokaushwa hulowekwa, huchemshwa, kisha hukaangwa kwa vitunguu na nyanya, na wakipikwa vizuri huwa laini ndani na wakavu kidogo nje. Wakikwaruza meno kama mchanga, hawakuoshwa vya kutosha, na una haki ya kuacha.

Mchana wa Jumamosi au Jumapili, ratiba ikiruhusu, nenda mpirani. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto, imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara tano, na mwaka 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ambako ilifungwa na Inter Milan mabao matatu kwa bila. Uwanja wake uko Kamalondo, ulifunguliwa mwaka 2011, na una jambo moja la kumfaa msafiri: ukitoka tu uko katikati ya nyama na muziki. Kama mechi ni dhidi ya Saint-Éloi Lupopo, mahasimu wao wa mji huuhuu, nunua tiketi mapema, fika mapema, na usivae njano na buluu za Lupopo ukakaa upande wa weusi na weupe wa Mazembe.

Jioni ni ya michopo, na hapa inafaa kwenda polepole, maana ndipo wageni wengi hulipa sana na kula vibaya. Michopo ni nyama ya mbuzi iliyochomwa kwenye makaa kisha ikakatwakatwa vipande vidogo. Kosa la kwanza ni kuketi, kuagiza bia, na kumwachia kijana wa kuhudumia akuletee sahani. Mwenye nyama na mwenye vinywaji mara nyingi ni watu wawili tofauti, kila mmoja na hesabu yake. Nenda mwenyewe kwenye makaa, msalimie mchomaji, umwite Papa, uangalie kilichopo. Nyama iliyokwisha kukatwa na kurundikwa pembeni imeshachomwa mara moja, na ikirudishwa motoni itakauka. Omba kipande kizima, mbavu ukiziona zina mafuta kidogo, na kipande cha paja kwa ajili ya wanaotaka nyama tupu. Onyesha kwa kidole, mpatane bei kipande kikiwa bado kizima, kwa sababu kikishapita chini ya panga hakuna tena cha kujadili. Kisha subiri, na usimharakishe. Utasikia mafuta yakidondokea makaa, utaona ngozi ya nje ikibadilika kuwa kahawia, na mwishowe ataipeleka kwenye gogo, ataikata kwa mapigo mafupi, atanyunyiza chumvi na kuimimina kwenye karatasi pamoja na vitunguu vibichi na pilipili ya unga pembeni. Kula kwa vidole na kwa uangalifu, kwani panga huacha vijipande vya mfupa vyenye ncha. Kama tumbo lako halijazoea, vitunguu vibichi viache: kipindupindu hurejea mara kwa mara katika eneo hili, na maji ya kunywa nayo yawe ya chupa iliyofungwa.

Bia za mji ni Simba na Tembo, zote zikitengenezwa hapa hapa na Brasimba. Simba ni nyepesi na ndiyo inayokaa vizuri na pilipili. Tembo ni nzito zaidi na mimi huiona ya kunywa baada ya nyama, moja tu. Chupa ni kubwa, hivyo watu wawili hugawana ya kwanza. Asiyekunywa pombe ataagiza soda na hakuna atakayemuuliza sababu. Lutuku, pombe kali inayochemshwa majumbani, ikatae kwa adabu hata ukisifiwa vipi, kwa sababu hakuna anayepima kilichomo. Kwa kurudi, panga na dereva anayejulikana hotelini kwako kabla ya kutoka, mkiwa mmepatana bei ya kwenda na kurudi. Usiku si wakati wa kutembea kwa miguu.

Jumapili asubuhi mji huimba. Hata asiye mwumini anaweza kuketi nyuma katika misa ya Kiswahili na kusikiliza kwaya, mradi avae vizuri na awe tayari kwa ibada ndefu. Ukitoka, tafuta munkoyo. Kinywaji hiki huanza kama uji wa mahindi uliochemshwa muda mrefu. Ukishapoa kiasi, huchanganywa na mizizi iliyopondwa ya mmea wa porini wenye jina hilohilo, ambayo ina vimeng'enya vinavyovunja wanga, na uji uliokuwa mzito hugeuka mwepesi na mtamu bila sukari yoyote. Swali la kumwuliza muuzaji ni moja: ni wa lini? Wa jana jioni ni mtamu na watoto huunywa. Siku ya pili huingia uchachu unaokata kiu kuliko soda. Kuanzia siku ya tatu una kilevi kidogo. Muulize pia kama aliuongezea maji baada ya kuuchemsha, na akisita, nenda kwa mwingine.

Sambamba nao kuna kikanda, ambacho mgeni hudhani ni soseji hadi aambiwe hakina nyama. Ni viazi vidogo vya okidi za porini vilivyosagwa, vikapikwa na unga wa karanga na pilipili hadi vikashikana, kisha vikakatwa vipande. Kula kimoja, kifurahie, ukijua kwamba okidi hizo zimepungua sana kwa kuchimbwa, kiasi kwamba wachimbaji wamefika hadi nyanda za juu za Tanzania, karibu na Kitulo.

Mchana uliobaki una njia mbili. Wenye watoto waende bustani ya wanyama iliyomo mjini. Wenye gari waende ziwa Kipopo, nje kidogo, palipokuwa na kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki, wakae chini ya miti. Njia ya tatu, ya kuzunguka kutafuta zawadi, nisingeipa zaidi ya saa moja: nunua malakiti, jiwe la kijani la shaba, ukipendelea lenye mistari isiyolingana, zito mkononi na baridi ukiligusa, maana mistari iliyonyooka mno mara nyingi ni ya plastiki.

Wanaorudi kwa njia ya Kasumbalesa waondoke alfajiri, kwa sababu foleni ya malori huanza mbali na mpaka. Vinkubala vikavu husafiri vizuri kwenye mfuko wa kitambaa. Munkoyo hausafiri vizuri, lakini kama lazima uubebe, jaza chupa nusu, usikaze kifuniko, na uufungue kila gari linaposimama.