SOMO: Jinsi ya kuwa mlezi wa kijana mtaani kwako hapa Tanga, hatua kwa hatua

Wadau, tukikaa barazani jioni na kahawa yetu mada haikosi kurudi kwa vijana wa siku hizi, mara hawasalimii, mara wanashinda kijiweni, mara bangi, lakini ukiuliza nani hapa ameshakaa na kijana asiye wa kwake akamsikiliza hata nusu saa, wote kimya. Hili somo ni la mtu mzima anayetaka kujitolea kuwa mlezi, yaani kukutana na kijana asiye wa kwake, kumsikiliza na kumuonyesha njia, uwe Makorora, Chumbageni au kule Pongwe.

Hatua ya 1: pima muda wako
Hapa ndo wengi wanachemka. Usijipangie makubwa, saa moja kwa wiki inatosha ila iwe kila wiki, na ujipe mwaka mzima. Marekani wana mpango unaitwa Big Brothers Big Sisters, unaunganisha vijana na walezi wa kujitolea, mizizi yake ni New York mwaka 1904, sasa watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichambua takwimu zake wakatoa majibu 2002: vijana waliodumu na mlezi mwaka au zaidi ndo walionufaika kuliko wote, na wale ambao mambo yalivunjika mapema kabisa, miezi ya mwanzo tu, baadhi walirudi nyuma, hata kujiamini kukashuka. Umeona eeh? Kwa hiyo kama wewe kila wiki uko Dar, subiri kwanza mambo yakae sawa, hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 2: pita mlangoni
Usimuokote kijana njiani ukaanza kumlea kimya kimya. Nenda serikali ya mtaa, au shule ya jirani, au madrasa, au kanisani kwenu, sema nataka kujitolea. Watakuchunguza, usinune, ungekuwa mzazi ungetaka hivyo hivyo. Chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, so mzazi wake au anayekaa naye lazima akujue sura na akubali. Mkutane peupe, Bustani ya Jamhuri, Tangamano, gengeni, popote watu wanapita. Chumbani kwako hapana, hata kama nia yako safi.

Hatua ya 3: mikono ifanye kazi, mdomo upumzike
Ukimkalisha kijana kwenye kiti ukamwambia "haya niambie matatizo yako" atakujibu "poa tu" mpaka jua lizame. Kuna fundi baiskeli mmoja Ngamiani namkubali sana kwa hili. Anamwita dogo, anageuza baiskeli juu chini, anampa spana ya spoku, wananyoosha ringi pamoja, kaza huku, legeza kule, zungusha uone kama bado inacheza. Wote macho kwenye ringi, hakuna anayemtazama mwenzie, na hapo katikati ndo dogo anatamka kwamba nyumbani ada imekwama au kwamba baba amehama. Fundi hasemi "pole sana mwanangu" kwa sauti ya msibani, anasema tu "ehee, halafu?" na kuendelea kuzungusha. Wewe kama ni mpishi kuneni nazi, kama ni mvuvi shoneni nyavu.

Hatua ya 4: mfungulie njia
Hela usitoe, ukianza utageuka ATM. Toa unachokijua. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ila vijana kibao hata ofisi ya maendeleo ya jamii hawajui ilipo. Mpeleke, kaa naye foleni. VETA, chuo cha ufundi, vile vile, nendeni mkaulize fomu pamoja badala ya kumwambia "si uende VETA".

MASWALI YA WADAU

*Mimi nimeishia la saba, nauza samaki Deep Sea, nitamfundisha nini kijana wa form four?*
Dada yangu, wewe unaamka alfajiri, unagombania bei kwenye mnada, unajua kukopesha na kudai bila ugomvi. Huyo wa form four hilo somo hajapewa. Karibu.

*Kuna posho?*
Hamna kaka.

*Mwanaume anaweza kumlea binti?*
Mi nashauri binti apate mwanamke. Pwani hatuanzi leo, makungwi tunawajua toka zamani. Mwanaume unataka kusaidia mabinti? Fundisha hesabu kundi zima, mlango wazi.

*Akiniambia anapigwa au anafanyiwa vibaya, si ni siri yake?*
Hapana, na toka siku ya kwanza usimuahidi siri ya kila kitu. Mwambie mapema, "jambo la kukuumiza nitalipeleka kwa wa kusaidia". Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Usimhoji kama mpelelezi, na usiende kumvaa mzazi mwenyewe, unaweza kumponza mtoto.

*Haji, simu hapokei, niachane naye?*
Bado. Tuma meseji fupi, "Jumamosi nipo pale pale saa kumi", na uwepo kweli. Wengi wanakupima tu. Akipotea kabisa, rudi kwa waliokuunganisha naye, waulize kuna nini nyumbani.

*Mimi mtumishi, naweza kuhamishwa muda wowote. Nianze?*
Anza mzee wangu, ila mwambie hilo wiki ya kwanza. Barua ikija, muage ana kwa ana, siyo kwa meseji ukiwa stendi, na kabla hujaondoka umtambulishe kwa mtu mwingine, mkae watatu mara mbili tatu hivi mpaka wazoeane.