Orodha kunjuzi kwenye Excel: mkoa kwanza, wilaya ifuate

Daftari la wakulima likijazwa na makarani wanne, kwenye safu ya mkoa utakuta "Dar es Salaam", "Dar", "DSM" na "D'Salaam". Sisi tunajua ni mkoa mmoja. COUNTIF, fomula ya kuhesabu seli zenye neno fulani, inaiona kuwa mikoa minne, na kila jumla kwenye ripoti inatoka pungufu. Hata nafasi moja iliyoachwa mwishoni mwa jina inatosha kulifanya jina jingine, na hiyo huwezi kuiona kwa macho. Dawa yake ni karani asichape mkoa, auchague kwenye orodha kunjuzi, yaani orodha inayofunguka ukibofya mshale wa seli.

Hapa tunatumia faili lenye shiti mbili. Ya kwanza ni Daftari: A jina la mkulima, B mkoa, C wilaya. Ya pili ni Orodha, na humo ndimo majina yote yanakaa.

Hatua ya 1: andaa orodha ya mikoa

Kwenye shiti ya Orodha, andika Mkoa katika A1, kisha mikoa yote 31 ya Tanzania kuanzia A2 hadi A32, kila mmoja kwenye seli yake, kwa mpangilio wa alfabeti. Usiruke mstari. Bofya seli yoyote ndani ya orodha, bonyeza Ctrl+T kuigeuza jedwali, hakikisha "My table has headers" ina tiki, halafu OK. Sasa chagua A2:A32, bofya kisanduku cha jina kilicho kushoto mwa upau wa fomula, andika Mikoa na ubonyeze Enter. Ukibofya pembeni kabla ya Enter, jina halihifadhiwi, na wengi hukwama hapo hapo.

Faida ya jedwali ni kwamba mkoa mpya ukiongezwa chini yake, orodha inarefuka yenyewe.

Unaweza pia kuandika majina moja kwa moja kwenye kisanduku cha "Source", ukiyatenganisha kwa mkato. Kwa "Ndiyo,Hapana" inafaa kabisa. Kwa mikoa haifai, kwa sababu kisanduku hicho kinapokea herufi 255 tu, na majina ya mikoa 31 pamoja na mikato yake yanafika 268.

Hatua ya 2: weka orodha kwenye Daftari

Chagua B2:B500. Nenda kichupo cha "Data", bofya "Data Validation". Kwenye "Allow" chagua "List", na kwenye "Source" andika:

=Mikoa

Ukisahau alama ya =, orodha itatoka na kitu kimoja tu, neno lenyewe "Mikoa". Acha tiki ya "In-cell dropdown", ondoa ya "Ignore blank".

Kabla ya OK, fungua "Error Alert" na uache "Stop". "Warning" na "Information" humwonya karani, kisha humruhusu kupita na kosa lake. Andika na ujumbe wa Kiswahili, kwa mfano: "Chagua mkoa kwenye orodha." Ule wa Kiingereza unaokuja na Excel haumwambii mtu afanye nini.

Kufungua orodha bila kugusa kipanya, bonyeza Alt pamoja na mshale wa chini.

Hatua ya 3: wilaya zinazofuata mkoa

Hapa ndipo penye kazi. Rudi kwenye Orodha. Kuanzia E1 andika mikoa kama vichwa, na chini ya kila kichwa wilaya zake:

E: Arusha – Arumeru, Arusha, Karatu, Longido, Monduli, Ngorongoro
F: Dar es Salaam – Ilala, Kigamboni, Kinondoni, Temeke, Ubungo
G: Mbeya – Chunya, Kyela, Mbarali, Mbeya, Rungwe

Mikoa mingine iendelee vivyo hivyo kulia.

Arusha ina wilaya sita, nyingine mbili zina tano tano, kwa hiyo F7 na G7 ni tupu. Usizijumuishe. Orodha yenye jina ikiwa na seli tupu ndani yake, na "Ignore blank" ikabaki na tiki, Excel inakubali neno lolote litakalochapwa. Mshale unaonekana, ulinzi haupo. Basi chagua E1:G7 (au hadi safu na mstari wa mwisho uliojaza), bonyeza F5, kisha "Special", "Constants", OK. Zinabaki seli zenye maandishi tu. Bonyeza Ctrl+Shift+F3, acha tiki kwenye "Top row" peke yake, OK.

Excel sasa imeunda majina Arusha, Dar_es_Salaam na Mbeya. Jina la namna hii halikubali nafasi, ndiyo maana imeweka mistari ya chini (_). Fomula yetu lazima ifanye vivyo hivyo. Kwenye Daftari chagua C2:C500 ukianzia juu, fungua "Data Validation", "List", ondoa tiki ya "Ignore blank", na kwenye "Source" weka:

=INDIRECT(SUBSTITUTE($B2," ","_"))

SUBSTITUTE hugeuza nafasi kuwa mstari wa chini, na INDIRECT huleta orodha yenye jina hilo. Ukianza kuchagua kutoka C500 kwenda juu, B2 itahesabiwa kuanzia C500 na kila mstari utasoma mkoa usio wake. Kama B2 ni tupu, Excel italalamika kwamba "Source" ina kosa. Bofya "Yes" uendelee. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hutaka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula.

Yanayoharibika baadaye

Karani akichagua Mbeya na Kyela, kisha akabadili mkoa kuwa Arusha, Kyela inabaki palepale. Excel hukagua wakati wa kuandika tu. Chagua C2:C500, nenda "Home", "Conditional Formatting", "New Rule", chaguo la mwisho la fomula, uweke:

=AND($C2<>"",COUNTIF(INDIRECT(SUBSTITUTE($B2," ","_")),$C2)=0)

Ipe rangi nyekundu. Wilaya isiyo ya mkoa wake itajitokeza mara moja.

Adui mkubwa zaidi ni kunakili na kubandika. Ctrl+V ya kawaida kutoka seli nyingine inafuta masharti ya seli na kuleta ya huko ilikotoka. Kubandika thamani pekee kunayaacha masharti, ila maandishi yaliyobandikwa hayakaguliwi. Kulinda shiti hakusaidii, kwani seli za kujazwa ni lazima ziwe wazi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa ripoti ya mwezi, chagua tena B2:B500 na uhakikishe "Source" bado ni =Mikoa, fanya vivyo hivyo kwa C, kisha bofya mshale ulio kando ya "Data Validation" na uchague "Circle Invalid Data". Kila ingizo lisilo kwenye orodha litazungushiwa duara jekundu. Sahihisha moja moja kwa kuchagua kwenye orodha, si kwa kuchapa, halafu bofya "Clear Validation Circles".