Jinsi ya kuwachunga magavana walio mbali, staili ya Wamughal

Haya, chukulia wewe ndo Aurangzeb, mfalme wa Wamughal kule India, umekalia kiti tangu 1658, dola yako inaanzia Kabul mpaka Bengal, na huko mikoani kuna magavana wenye majeshi ambao kila wakiandika barua ni shwari tu, mfalme usiwe na wasi. Utajuaje nani anakupiga fiksi?

Anza na mwandishi wa wazi, waqia-navis. Huyu anakaa barazani kwa gavana mchana kweupe na kuandika kinachoendelea, kila mtu anamjua. Lakini usimuamini sana, anaishi kwenye mji wa gavana, akipewa kitu kidogo atakataa vipi?

Ndo maana pembeni unaweka sawanih-nigar, mwandishi wa pili, ripoti zake zinamsuta yule wa kwanza akidanganya, afu juu yao wote unamficha khufia-navis, mwandishi wa siri, na huyu gavana asijue hata kama yupo, akishajulikana tu hana kazi tena. Ongezea na harkara, wale wakimbiaji na wapelelezi wanaookota habari njiani.

Sasa kazi yenyewe ni kulinganisha. Mmoja kaandika soko limefungwa sababu ya sherehe, mwingine anasema wafanyabiashara wamegoma kulipa kodi, hapo hapo ndo pa kuchimba. Na zikija zote zinafanana neno kwa neno usifurahi, hao wamekaa chini wakapanga, mi ningewahamisha wote.

Njiani barua zinapokezanwa kwa vituo vya posta, dak chauki, na mkuu wa posta anazikabidhi kwa waziri zikiwa hazijafunguliwa. Hilo usilegeze hata kidogo. Manucci, yule Mwitaliano wa Venice aliyeishi India miaka kibao, anasimulia kwamba ripoti zilisomwa mbele ya mfalme kama saa tatu usiku, na wasomaji ni wanawake wa ndani ya kasri, yaani siyo makarani wenye ndugu na marafiki huko mikoani, mi naona hiyo ni akili kubwa.

Ila na wewe unachunguliwa bana. Watawala wa Rajput, wale wafalme wadogo walio chini yako kama wa Amber, wanaweka wawakilishi wao hapo hapo darbar, yaani barazani kwako, wananakili habari za kila siku na kuzituma nyumbani, na huwezi kuwafukuza maana wapo kihalali. Kwa hiyo jambo usilotaka lifike Amber, usilitamke barazani, subiri usiku.