Somo: Kukagua huduma zinazojiwasha baada ya kusakinisha Debian

Mtu akimaliza kusakinisha Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, na kuona skrini ya kuingilia, hudhani mashine imetulia ikimsubiri yeye, kumbe tayari zipo programu zinazofanya kazi chinichini, yaani huduma, na baadhi yake zimefungua poti (milango ya mtandao yenye namba) na zinasikiliza mtandao. Katika Debian, kifurushi chenye huduma kikishasakinishwa, kwa kawaida huduma hiyo huwashwa papo hapo na kupangiwa kujiwasha kila mashine inapowaka, ilhali Fedora, mfumo mwingine wa Linux, huziacha nyingi zikiwa zimezimwa hadi mwenye mashine aamue. Kwa hiyo naomba ukaguzi huu ufanyike siku ileile ya kwanza.

Hatua ya 1. Kisakinishi kinapokutaka uchague makundi ya programu, ondoa alama kwenye kila kundi usilolihitaji. Kwa seva, "SSH server" (ya kuiingia mashine ukiwa mbali) na "standard system utilities" yanatosha. Mazingira ya dawati ndiyo yanayokuja na mzigo mkubwa, ikiwemo cups ya kuchapisha na avahi-daemon ya kutafuta vifaa vilivyo karibu.

Hatua ya 2. Mashine ikishawaka, andika:

sudo ss -tulpn

Soma safu ya anwani kabla ya jina la programu. Ukiona 127.0.0.1:631, huduma hiyo inaongea na mashine yako peke yake. Ukiona 0.0.0.0:631 au [::]:22, inampokea yeyote anayeweza kuifikia mashine kupitia mtandao, na hapo ndipo pa kuanzia. Mwezi Januari 2001 mnyoo (programu haribifu inayojisambaza yenyewe) ulioitwa Ramen ulienea kwenye mashine za Red Hat 6.2 na 7.0 kwa kupitia wu-ftpd, rpc.statd na LPRng, huduma ambazo wengi waliokuwa nazo hawakuwa na kazi nazo.

Hatua ya 3. Pata orodha ya zinazojiwasha:

systemctl list-unit-files --state=enabled

Usizime jina usilolijua. Liulizie kwanza kwa systemctl status, kisha amua. Cron na systemd-timesyncd, inayorekebisha saa, ziache.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiandika systemctl stop cups, systemd, programu inayosimamia huduma za mashine, yenyewe hukuonya kwamba huduma hiyo bado inaweza kuamshwa na cups.socket na cups.path, yaani umemlaza mlinzi lakini kengele ya mlangoni umeiacha, na kazi ya kwanza ya kuchapisha itamwamsha. Zima vyote kwa pamoja:

sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path

Ikague pia cups-browsed, ambayo ni huduma nyingine inayojitegemea. Mwezi Septemba 2024 ilitangazwa kasoro kubwa ndani yake, kwa kuwa ilikuwa ikipokea taarifa kwenye poti ya UDP 631 kutoka anwani yoyote. Kama huna printa, kuondoa kifurushi chenyewe ni bora kuliko kukizima.

Hatua ya 5. Washa mashine upya, kisha urudie amri ya hatua ya 2. Bila kufanya hivyo hujui kama mabadiliko yamekaa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naifikia seva yangu kwa SSH tu. Nayo niizime?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, utajifungia nje. Iache, tumia funguo za SSH badala ya nywila, na uhakikishe funguo hizo zinafanya kazi kabla hujafunga njia ya nywila.

Swali: Je, naweza kuizuia Debian isiwashe huduma wakati wa kusakinisha kifurushi?
Jibu: Ndiyo. Tengeneza faili /usr/sbin/policy-rc.d, liwe na ruhusa ya kutekelezwa, na ndani yake kuwe na mistari miwili: #!/bin/sh, kisha exit 101. Lakini angalia: faili hilo huzuia kuwashwa kwa wakati ule tu. Huduma bado imepangiwa kujiwasha, na utaikuta inafanya kazi mashine ikiwaka tena, hivyo systemctl disable bado inahitajika.

Swali: Mimi natumia FreeBSD. Somo hili linanihusu?
Jibu: Linakuhusu kwa sehemu. Huko, ambako si Linux, huduma iliyoletwa na pkg (amri ya kusakinisha vifurushi) kwa kawaida haijiwashi hadi uiandike kwenye /etc/rc.conf, kwa mfano sysrc nginx_enable=YES. Zilizoruhusiwa utaziona kwa service -e, na poti zilizo wazi kwa sockstat -l.